Ligi ya kikapu ya kulipwa Afrika Mashariki, nyumbani na ugenini: tuongelee ratiba kabla ya mdhamini

Meneja Mizigo (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila msimu wa BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ukiisha mjadala ni uleule. Mbona ukanda wetu hauna ligi yake ya kulipwa, timu nane, nyumbani na ugenini, mashabiki wakaona timu yao ikicheza kwao? Na jibu ni lilelile: hakuna mdhamini.

Mimi nimezunguka na timu misimu sita. Si kocha wala mchezaji. Ni yule anayeitwa meneja siku ya kulaumiwa na "we kijana" siku ya kubeba chupa za maji. Naomba nibishe kidogo. Mdhamini akija leo na begi la fedha, ratiba tunazozoea kuzipanga zitalimaliza begi hilo kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha.

Chukueni kalamu. Timu nane, kila mmoja anacheza na mwenzake mara mbili, mechi 14, saba za ugenini. Msafara mdogo kabisa ni watu 17: wachezaji 12, makocha wawili, daktari wa viungo, mtu wa takwimu na mimi. Ukisafiri, ukacheza, ukarudi, halafu wiki ijayo ukafanya tena, hizo ni safari 7 kwa watu 17, yaani tiketi 119 za kwenda na kurudi kwa timu moja. Kwa ligi nzima ni 952. Hapo sijagusa kitanda wala sahani ya wali.

Na hizo ndege tunazijua. Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga la Afrika ni la 1999, soko moja la usafiri wa anga likazinduliwa 2018, lakini tiketi ya kwenda nchi jirani bado inaweza kukushtua kuliko ya Dubai. Mara nyingine unapita nchi ya tatu kuunga ndege, saa sita uwanjani, vijana wenye mita mbili wamelala sakafuni kwenye korido kama magogo, wafanya usafi wanawazunguka na mopu. Viti vya mlango wa dharura vyenye nafasi ya miguu ni vichache, wewe una watu watano wanaovigombea.

"Basi pandeni basi." Tumepanda. Kuna mpaka mmoja, sitautaja, afisa wa forodha alifungua mfuko akakuta mipira 14 mipya akauliza tunaenda kuiuza wapi. Nikamwambia ni ya mazoezi. Akachukua mmoja, akaudundisha mara mbili, akasema, "Mtu mmoja hahitaji mpira mmoja? Nyie mko 12, hii miwili ya ziada?" Tulikaa pale saa tatu na nusu. Mechi ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Ilipofika saa kumi na moja na robo nikachagua watano, nikawapakia kwenye bodaboda wakiwa na jezi tayari na viatu shingoni, wakatangulia. Waliocheza wanajua kwa nini watano.

Sasa hoja yangu. Kwa miaka mingi vyuo vya Ivy League kule Marekani, ambao nao ni timu nane na mechi 14 kama hesabu yetu, walikuwa na mpangilio wa wenza wa safari. Timu zinapangwa jozi: Harvard na Dartmouth, Penn na Princeton, Yale na Brown, Columbia na Cornell. Ukisafiri unacheza na wote wawili wikendi moja, Ijumaa huyu, Jumamosi yule. Safari 7 zinakuwa 4: tatu za mechi mbilimbili na moja fupi kwa mwenza wako. Tiketi 952 zinashuka hadi 544.

Jozi zangu: Nairobi na Mombasa, Dar na Dodoma, Kampala na Kigali, Bujumbura na Juba. Ya mwisho najua mtaicheka. Karibuni mnipige.

Rimu Mbovu

Bujumbura na Juba ni wenza kama mimi na mke wa jirani.

Reli ya Pwani

Mkuu, hapo kwa Nairobi na Mombasa uko sawa kabisa. Tangu treni ya SGR ianze 2017 safari ni saa tano hivi, unashuka Miritini miguu ikiwa bado inakunjuka. Zamani tulikuwa tunapanda basi la usiku, unafika Nairobi asubuhi, unalala kwa benchi mpaka saa nane mchana halafu unaambiwa ucheze. Mtu akikosa lei-up jioni hiyo kocha anafoka, na yeye alikuwa kwa hilo basi na anajua.

Lakini kuna kitu hujakiandika. Timu kubwa huku nyingi ni za waajiri: bandari, benki, jeshi. Mchezaji ni karani, ni askari, ni fundi. Mechi ikiwa Ijumaa, akisafiri Alhamisi tayari ameomba ruhusa siku mbili, na Jumatatu hajarudi. Mara nne kwa msimu mkubwa wake atavumilia, mara saba hatavumilia. Kwa hiyo jozi zako zinaokoa hata ruhusa za kazi, na hiyo hakuna mdhamini anaweza kukununulia.

Mhasibu wa Benchi

Meneja, hoja nzuri ila umetupiga chenga kwenye hesabu, nami sipendi kupigwa chenga.

Moja, tiketi 544 ni za kwenda na kurudi tu. Kwenye kila safari ya mechi mbili kuna kipande cha katikati, kutoka mji wa kwanza kwenda wa pili. Safari 3 kwa watu 17 kwa timu 8 ni vipande 408. Umeviacha mezani.

Mbili, vitanda. Safari ya mechi moja unafika siku moja kabla, unacheza, unalala, unaondoka asubuhi. Usiku 2, mara 7, ni 14. Zidisha kwa 17 unapata malipo ya kitanda 238 kwa timu. Sasa wewe ukicheza Ijumaa na Jumapili ili vijana wapumzike, unafika Alhamisi unaondoka Jumatatu, usiku 4. Mara 3 ni 12, ongeza 2 za kwa mwenza, tunarudi 14 zilezile. Hujaokoa hata mto wa kulalia.

Meneja Mizigo

Mhasibu, umenikamata na sitakataa. Ila tazama vipande hivyo 408 ni vya nini. Nairobi na Mombasa ni treni. Dar na Dodoma ni treni pia tangu 2024, unatoka Dodoma baada ya chai na mazoezi ya jioni unafanyia Dar. Ukiacha Bujumbura na Juba, ni Kampala na Kigali tu ndipo pana basi la siku nzima, na pale mpakani Katuna huwezi kuandika kwenye ratiba saa ya kuvuka, unaandika siku. Kipande cha treni hakifanani na tiketi ya ndege hata ukiviita vyote safari.

Vitanda una haki. Ndiyo maana nilisema Ijumaa na Jumamosi, si Ijumaa na Jumapili. Hapo usiku ni 3, mara 3 ni 9, na 2 za mwenza ni 11. Malipo ya kitanda 187 badala ya 238. Hiyo siku moja ya katikati inayofanana na zawadi kwa wachezaji inamlipa mwenye hoteli.

Lakini Kampala na Kigali haiwezi kuwa Ijumaa na Jumamosi. Hiyo nakubali kabla hujaisema. Pale itabidi Ijumaa na Jumapili, na hasara yake tuile.

Daktari wa Magoti

Nyinyi mnahesabu vitanda, mimi nahesabu vifundo vya miguu. Usiku baada ya mechi mchezaji hapati usingizi mpaka saa nane, damu bado inachemka. Ukimwamsha saa kumi na moja apande treni acheze jioni, robo ya nne utamwona anaruka kwa mgongo badala ya miguu.

NBA wana ndege za kukodi, vitanda vya kuagiza na wapishi, na bado kuanzia msimu wa 2017-18 waliondoa kabisa mechi nne ndani ya usiku tano, wakaanza msimu mapema ili kupata nafasi. Kwa wanawake, WNBA, ndege za kukodi kwa ligi nzima zimeanza 2024 tu. Kabla ya hapo New York Liberty walipigwa faini ya dola 500,000 kwa kukodi ndege msimu wa 2021, kwa sababu kusafiri vizuri kulionekana ni kuwaonea wenzao. Fikirieni hilo vizuri: uchovu ulikuwa sehemu ya usawa wa ligi.

Simpingi Meneja. Nasema tu Ijumaa na Jumamosi mara 3 kwa msimu mwili unabeba. Mara 7 haubebi. Na mechi ya Jumamosi msiipange saa nane mchana kwa sababu televisheni imetaka.

Shangazi Fauli

Wanangu, nimepuliza filimbi miaka mingi na nasoma uzi huu nasubiri mtu aseme neno waamuzi. Hakuna.

Mechi moja ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ina waamuzi watatu uwanjani, na kamishna mmoja mezani. Ligi ya nyumbani na ugenini kati ya mataifa huwezi kumpa mwenyeji atoe waamuzi wote watatu, hata kama ni malaika. Mgeni akifungwa kwa pointi mbili, safari nzima ya kurudi nyumbani itakuwa ni jina la mwamuzi. Kwa hiyo angalau wawili watoke nchi ya tatu, na kamishna pia. Mechi 56 kwa watu watatu ni safari 168 ambazo hakuna timu inayozilipa, ni ligi. Nimeona mashindano ambako waamuzi walikuja kwa basi la timu moja kati ya zilizokuwa zinacheza, kwa sababu bajeti iliishia hapo. Tulishuka mita mia kabla ya ukumbi tukatembea, tusionekane.

Kwa jozi za Meneja, waamuzi walewale wanaweza kukaa mji mmoja wakachezesha Ijumaa na Jumamosi, wageni ndio wanabadilishana. Hiyo mmeipata bure na hamkuiona.

Kuhusu wale watano wa bodaboda. Kanuni inasema dakika 15 baada ya muda uliopangwa, kama timu haipo au haina watano tayari kucheza, mechi imekwisha, 20-0. Na kwenye msimamo wanapata sufuri, wakati anayecheza akafungwa anapata pointi 1. Sijui kama ilikuwa timu ya Meneja, ila nilishakuwa mezani siku moja dakika ya 11 imepita, mwenyeji ameshaanza kutabasamu, mara mlango ukafunguliwa wakaingia vijana watano wenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Mmoja alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine kilidondoka njiani. Niliwapa muda wa kunawa uso tu. Wachezaji waliobaki walifika robo ya pili.

Walifungwa kwa 31. Lakini walipata ile pointi 1 yao.

Meneja Mizigo

Shangazi, shikamoo. Kiatu kilipatikana wakati wa kurudi, mwenye boda alikuwa amekihifadhi. Sisemi zaidi.

Mvua ya Tatu

Mnazunguka mbuyu. Dawa ipo na BAL wameshaionyesha: vituo. Mwaka 2021 wote 12 walikaa Kigali wakamaliza kila kitu pale ndani ya wiki mbili. 2022 wakagawanya Dakar na Cairo, fainali Kigali. 2024 makundi matatu, Pretoria, Cairo na Dakar. 2025 Rabat, Dakar na Kigali, fainali Pretoria. Miaka hiyo miwili ya mwisho, timu nne kituoni, kila mmoja mechi sita, safari moja. Mechi sita kwa tiketi moja! Meneja na jozi zako unapata mbili.

Na mnaotaka nyumbani na ugenini kuvuka mataifa, waulizeni Singapore Slingers. 2006 waliingia ligi ya Australia, NBL. Kila mechi ya ugenini ni kuvuka bahari. Misimu miwili tu, 2008 wakajitoa wakisema gharama za safari zimewashinda. Nchi tajiri ile, si sisi.

Reli ya Pwani

Mvua, malizia basi hiyo hadithi ya Slingers. 2009 waliingia ligi mpya ya Kusini Mashariki mwa Asia, ABL, ya timu za nchi jirani, wakawa wanasafiri Manila, Bangkok, Kuala Lumpur, na wakadumu huko miaka mingi. Nyumbani na ugenini haikuwaua, kilichowaua ni umbali. Na sisi tunaongea juu ya Nairobi na Kampala, si Singapore na Perth.

Vituo navyo vina ugonjwa wake. Nairobi City Thunder walipokuwa timu ya kwanza ya Kenya kufika BAL, 2025, mechi zao zilikuwa Kigali. Shabiki wa South C, hapo Nairobi, aliwaona kwa simu. Timu ya mwenyeji ikishacheza, ukumbi unamwagika mpaka unasikia viatu vikilia kwa sakafu. Mdhamini wa mji gani ataweka pesa kwa timu ambayo mji hauioni?

Mvua ya Tatu

Hapo kwenye viatu kulia umenigusa, nilikuwepo. Mechi ya saa nane mchana, tulikuwa watu labda mia. Nilimsikia kocha akimtukana mchezaji wake neno kwa neno.

Mtoto wa Tanganyika

Salamu kutoka Bujumbura. Nimesoma vyote na ninaona sisi ndio mzaha wa uzi.

Mwenza wetu wa kawaida ni Kigali. Kwa barabara ni karibu kilomita 270, tulikuwa tunakwenda na kurudi bila hata kufikiria. Januari 2024 mpaka ukafungwa. Machi mwaka huohuo timu yetu ya Dynamo ilikuwa Pretoria kwenye BAL, wakakataa kuvaa jezi yenye maandishi ya Visit Rwanda, tangazo la utalii la Rwanda, wakapoteza mechi mezani na kuondolewa mashindanoni. Sitaki kufungua siasa hapa. Nataka mjue kwamba ramani mnayochora ya kilomita na reli siyo ramani tunayosafiria. Mimi nikienda Kigali ni lazima nizunguke, na ukinipanga na Juba kwa sababu tu tumebaki wawili, hiyo siyo ratiba, ni mabaki ya chakula.

Ila msitutoe. Huku kikapu kinachezwa kila mtaa.

Meneja Mizigo

Ndugu yangu wa Tanganyika, samahani kwa dhati. Nilipanga kwa penseli nikasahau kuna watu upande wa pili.

Nimefikiria usiku kucha. Msimu wa 2020-21, wakati wa korona, NBA walikuwa wanaicheza timu ileile mara mbili mfululizo katika ukumbi uleule, kupunguza safari. Sisi tuchukue hiyo kwa Bujumbura na Juba tu. Timu ikienda Bujumbura inacheza mechi mbili palepale, Ijumaa na Jumapili, imemaliza biashara na Bujumbura msimu mzima. Mwaka ujao Bujumbura ndiyo inasafiri, mbili kwa mwenyeji. Zikigawanywa vizuri, kila msimu Bujumbura inapokea karibu nusu ya wapinzani na kwenda kwa waliobaki. Hakuna mwenza wa kulazimisha, hakuna mpaka wa kuvuka katikati ya wikendi.

Mhasibu wa Benchi

Usawa wa nyumbani utauwekaje? Anayepokea Bujumbura mwaka huu ana faida ya mechi mbili za nyumbani, jirani yake hana hata moja.

Meneja Mizigo

Hana, mwaka huu. Ni kasoro na sitaipaka rangi. Lakini fainali za NBA zenyewe kuanzia 1985 hadi 2013 zilikuwa mbili, tatu, mbili, ili timu zisivuke bara kila baada ya mechi mbili. Mwenye faida ya uwanja alikuwa anakaa ugenini mechi tatu mfululizo, watu wakanung'unika karibu miaka 30 na mabingwa wakapatikana. Mimi nachagua kasoro ninayoweza kuilipia nauli.

Shangazi Fauli

Hilo la Bujumbura nimelipenda. Na mkae na madirisha ya FIBA pia, Novemba na Februari timu za taifa zinaita wachezaji. Msiweke kitu hapo.

Meneja Mizigo

Nimeyaacha wazi, Shangazi. Nimechora sasa wiki kumi na moja. Jozi tatu zinazunguka wiki ya 1 hadi ya 6, Bujumbura na Juba zinapokea wiki ya 8 hadi ya 10. Wiki ya 7 sijaweka mechi hata moja, ni ya viporo: ndege iliyoahirishwa, mpaka uliogoma, paa lililovuja. Wiki ya 11 nayo ni ya viporo vya viporo. Kila mwenye mji aangalie ukumbi wake anijibu hapa, kabla sijaipeleka kwa mtu yeyote mwenye tai.

Reli ya Pwani

Huku wiki zote sawa isipokuwa ya 4. Ukumbi una mahafali ya chuo, wameshalipa amana.

Rimu Mbovu

Dodoma hapa. Nimeuliza kwa mlinzi. Wiki ya 7 tu ndiyo iko wazi.